Homa ya mapafu ya mbuzi: je, mtoto anaweza kuambukizwa?

Mbuzi wanakohoa, wawili wameshakufa, na mtoto bado anacheza nao. Una haki ya kuogopa. Lakini jibu linategemea ni bakteria gani, na kikohozi peke yake hakitaji jina.

Ugonjwa huu ulielezwa Algeria mwaka 1873, na kwa takribani miaka 100 mhusika halisi hakujulikana; kwa muda wataalamu walimlaumu bakteria asiyehusika. Mhusika alikuwa mgumu kuotesha maabara, kwani hukua polepole mno. Mwaka 1976 watafiti nchini Kenya walimpata kutoka kwa mbuzi wagonjwa, wakawapa mbuzi wazima, nao wakaugua vilevile. Kwa miaka mingi aliitwa F38 tu. Vinasaba vyake vilipolinganishwa na vya wengine, alionekana ni tawi la spishi iliyokwisha kujulikana, na mwaka 1993 akapewa jina rasmi: Mycoplasma capricolum, spishi ndogo capripneumoniae. Jina refu, lakini lina kazi. Bakteria wa jamii hii hawana ukuta wa seli, na penisilini hupiga ukuta huo. Kwa hiyo sindano ya penisilini haimtibu mbuzi huyo, hata ikirudiwa.

Kwako wewe mama, habari njema ni kwamba bakteria huyu hajulikani kuwaugusha watu. Mtoto akikohoa, usiseme ni mbuzi; mpeleke kituo cha afya.

Wa kuogopa zaidi ni mwingine, Brucella melitensis, na mbuzi mwenye huyo huenda asikohoe kabisa. Anaweza kuonekana mzima, kisha akatupa mimba. Watu humpata kwa maziwa mabichi, au kwa kugusa kondo la nyuma na kitoto kilichotupwa. Homa yake huja na kuondoka, pamoja na jasho na maumivu ya viungo, ndiyo maana mara nyingi hudhaniwa ni malaria. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, mwambie mhudumu kwamba nyumbani mna mbuzi na kama mtoto hunywa maziwa yasiyochemshwa. Usisubiri akuulize.

Chemsha maziwa mpaka yafure, hata ya mbuzi wako mwenyewe. Mbuzi akitupa mimba, watoto na wajawazito wakae mbali. Anayezika avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na azike kwa kina mbwa wasifukue. Ukiwa Ushongo au kijiji kingine cha Pangani, mwite afisa mifugo kabla hujanunua dawa dukani.