Maulizo ya Vipindi

Mwaka 2005, Mmarekani Jesse James Garrett aliipa jina la Ajax ile namna ya kuuwezesha ukurasa wa wavuti kuagiza data kwa seva na kubadili sehemu yake moja tu, pasi na kufunguliwa upya wote. Tangu hapo ilienea desturi ambayo gharama yake huwafikia hata wakazi wa Koboko, mji wa Uganda ulio jirani na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini: ukurasa ulioachwa wazi kuiendea seva, kila baada ya sekunde kadhaa, na kuiuliza kama kuna jipya. Kwa Kiingereza huitwa polling, neno ambalo asili yake ni kichwa, kisha likawa kuhesabu vichwa, kisha kupiga kura, ndipo mafundi wa kompyuta wakalitwaa.

Mfasiri mwenye haraka atasema uhuishaji wa data, na sina ugomvi na neno hilo, kwani ni fasaha. Ila lataja matokeo na kulificha tendo. Seva, kwa tabia ya wavuti, haianzi mazungumzo, bali hujibu inapoulizwa. Kwa hiyo aulizaye ni mwenye simu, na kila ulizo, hata likijibiwa kwamba hapana kilichobadilika, hulipiwa naye. Kwa sababu hiyo nayapendelea maulizo ya vipindi, ambayo humwonyesha msomaji ni nani anenaye kwanza.

Na tumfikirie wakala wa forodha aliyeko Oraba, mpakani karibu na Koboko, akingojea hati za lori liendalo Kaya, upande wa Sudani Kusini. Ukurasa wake ukiuliza kila sekunde 5, ni maulizo 720 kwa saa. Na iwapo kila ulizo pamoja na jibu lake ni kilobaiti 2, saa 10 za kungoja zitakula megabaiti 14 za bando lake, ingawa hali ya hati haikubadilika asilani. Laiti mtengenezaji angeweka dakika 1, zisingefika megabaiti 2, na wakala asingekosa habari yoyote ya maana.

Fauka ya hayo, mtandao unapodhoofu, ukurasa uliotengenezwa ovyo hupeleka ulizo la pili kabla ya la kwanza kujibiwa, kisha la tatu, hata yakarundikana na kuiziba njia ile ile nyembamba ambayo jibu lilitazamiwa kupitia. Dawa yake ni kuanza kuhesabu muda baada ya jibu kufika, na kusita kabisa ukurasa unapofichwa nyuma ya mwingine.

Ipo njia nyingine, WebSocket, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2011, ambapo mlango huachwa wazi na seva ikasema yenyewe. Lakini mawasiliano yakatikapo mara kwa mara, mlango huo hauna budi kufunguliwa upya kila mara, ilhali maulizo huendelea yalipoishia.

Istilahi hii, kadhalika, yazaa nyingine bila taabu: muda ulio kati ya ulizo na ulizo tuuite kipindi cha maulizo, na pale seva inapolizuia ulizo hadi ipate jipya la kujibu, tuseme maulizo ya kungoja. Uhuishaji tuuachie kazi yake halisi, yaani kubadilika kwa kile kinachoonekana katika kioo cha simu.