Gitaa na Shaba: Vijana wa Kitwe

Kitwe ni mji uliojengwa na shaba. Mgodi wa Nkana ndio uliovuta watu kutoka kila pembe ya Zambia, na pamoja nao zikaja lugha, ngoma na tamaa za kila namna. Miaka michache baada ya uhuru wa 1964, bei ya shaba ilikuwa nzuri, mishahara ilipatikana, na mtoto wa mjini aliweza kuota ndoto ya gitaa la umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji huo, likazaliwa kundi la WITCH.

Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni mchawi, lakini vijana wenyewe walilisoma kama herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta zahama". Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Uingereza likageuzwa hadi likakaa sawa kinywani mwa Mwafrika. Ndani ya jina hilo mna historia nzima ya muziki wao. Walichukua roki nzito ya ng'ambo, gitaa lake la kukwaruza na ngoma zake za kishindo, wakaitia mapigo waliyoyajua tangu utotoni. Mzanzibari hana sababu ya kuwashangaa. Taarabu yake nayo ilikopa fidla na kanuni kutoka Misri, na leo nani atathubutu kuiita ya kigeni?

Kundi lilikua upesi. Santuri yake ya kwanza, *Introduction*, vijana waliitoa wenyewe, nayo huhesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya Wazambia kuuzwa kibiashara. Zikafuata nyingine, zikiwemo *Lazy Bones!!* ya 1975 na *Lukombo Vibes* ya mwaka uliofuata. Mtindo wao na wa wenzao ukaja kuitwa Zamrock.

Serikali nayo ilikuwa na mkono wake. Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Dar es Salaam, mnamo Novemba 1969, viongozi walikuwa wamechukua njia nyingine: walipiga marufuku muziki wa soul, wakiuona ni uchafu wa kigeni. Dola zote mbili zilitaka utamaduni wa taifa. Moja ilimwambia kijana asichocheze. Nyingine ilimwachia nafasi ya kujaza, naye akaijaza kwa gitaa lile lile ambalo wazee wengi wangelikataa.

Lakini kilichojengwa na shaba kilitikiswa na shaba. Katikati ya miaka ya 1970 bei yake ilianguka katika soko la dunia huku mafuta yakipanda. Vita vya ukombozi vya nchi jirani vilileta mashambulio na amri za kutotoka usiku, na bendi isiyopiga usiku haili. Vijana wakahamia disko. Jagari aliondoka kundini, akageukia ualimu, na baadaye akachimba vito. Kisha ukaja UKIMWI, ukafagia wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Katika wale watano wa kundi la awali, Jagari ndiye aliyebaki hai kusimulia.

Santuri zao zilifufuliwa ughaibuni. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizikusanya na kuzitoa upya; mwaka 2019 ikatoka filamu ya maisha yao; na mwaka 2023 Jagari, pamoja na mpiga kinanda Patrick Mwondela na wanamuziki vijana kutoka Ulaya, alitoa *Zango*, iliyorekodiwa Lusaka.

Ni habari ya furaha, ila ina uchungu ndani yake. Lau si wakusanyaji wa mbali waliothamini santuri chakavu, zahama ile ya Kitwe ingekuwa uvumi tu wa wazee. Vijana wanaopiga kelele leo katika kumbi ndogo za mwambao na visiwa hawana budi kuhifadhiwa na watu wao wenyewe, wangali hai na kanda zao zingali zinasikika. Taifa linaloacha nyimbo zake zitunzwe na mgeni litazinunua kwake kwa bei aitakayo yeye.