Kususa na Kujiuzulu: Funzo la Limuru, 1966

Wahenga walinena, "Ukisusa, wenzio wala." Katika makala haya tunakusudia kuupima usemi huo, pamoja na maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya mara kwa mara, kwa kisa kimoja cha jirani zetu wa Kenya.

"Kususa" ni neno la nyumbani. Mtoto aliyepunjwa kitoweo husukuma sahani. Mgeni asiyepokewa vyema huaga kabla ya chakula. "Kujiuzulu" ni neno la barazani. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Aliyejiuzulu, basi, amejivua cheo kwa mkono wake.

Jaramogi Oginga Odinga alikuwa Makamu wa Rais wa chama cha KANU tangu mwaka 1960. Itakumbukwa kwamba mwaka 1958, Jomo Kenyatta alipokuwa kifungoni na jina lake likiogopwa, Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akatamka kuwa Kenyatta na wenzake wangali viongozi wa watu. Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, Kenyatta alimteua kuwa Makamu wa Rais wa nchi.

Lakini walitofautiana juu ya ardhi, na juu ya urafiki na mataifa ya Mashariki. Machi 1966 wajumbe wa KANU walikutana Limuru, katika mkutano ambao Katibu Mkuu, Tom Mboya, alikuwa mpangaji wake hodari. Hawakumfukuza Odinga. Walifuta kiti chake cha chama, na mahali pake wakaweka makamu wanane, mmoja kwa kila jimbo pamoja na Nairobi. Dharau iliyoje! Mtu hakuguswa, ila kiti kiliondolewa chini yake.

Tarehe 14 Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais, akaongoza chama kipya cha KPU. Wabunge kadhaa walimfuata. Upesi Katiba ikabadilishwa, ikawalazimu waliohama chama kurudi kwa wapiga kura. Wengine walipoona hivyo walitamani kurejea KANU. Katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo, kati ya viti 29 vilivyogombewa KPU ilipata 9 tu. Oktoba 1969 chama kikapigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini. Kiti alichokiacha kilikaliwa na Joseph Murumbi, naye akajiuzulu mwaka ule ule. Kisha kikakaliwa na Daniel arap Moi mwaka 1967, ambaye kutoka hapo alipanda kuwa Rais mwaka 1978. Wenziwe, kweli, walikula.

Je, tuseme Odinga alisusa? Mwenye kususa hungoja kubembelezwa. Odinga hakungoja, alikwenda kwa wananchi, akakubali kulipa gharama, na mwaka 1992, akiwa mzee, aligombea urais kwa tiketi ya upinzani. Hasira ilikuwapo, lakini haikuwa peke yake.

Linganisha na Tanzania. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu watuhumiwa walikufa mikononi mwa watumishi wa dola huko Mwanza na Shinyanga, ingawa si yeye aliyetenda uovu huo. Yeye hakuvunjiwa heshima na mtu. Aliondoka kwa kuwajibika. Mwaka 1985 akawa Rais.

Ndugu walimu, tunapofundisha maneno haya tusiishie kwenye kamusi. Anayemwita mwenziwe "msusaji" amekwisha kumhukumu kuwa amejali tumbo lake. Anayesema "amejiuzulu" amemwachia heshima yake. Kabla ya kuchagua neno, tuulize kwanza: aliyeondoka alikuwa akiililia sahani yake, au jambo lililo kubwa kuliko sahani?