Albamu ya kuwaenzi magwiji: heshima huanzia kwenye jina la mtunzi

MNAMO Desemba 2015, kundi la roki la Uingereza, The Rolling Stones, liliingia katika studio ya British Grove, magharibi mwa London, kwa nia ya kurekodi nyimbo mpya. Kazi ilipokosa kwenda, wanamuziki hao wakapiga kibao cha kale cha bluzi ili kuchangamsha vidole. Kibao kimoja kikazaa kingine, na kwa siku tatu tu albamu nzima ikakamilika.

Albamu hiyo, Blue & Lonesome, ilitolewa Desemba 2, 2016. Ina nyimbo 12, na hakuna hata mmoja uliotungwa na Mick Jagger na Keith Richards. Wanaoenziwa humo ni wanamuziki weusi wa Marekani, wengi wao wakiwa waliovuma mjini Chicago katika miaka ya 1950 na 1960: Little Walter, Howlin' Wolf, Jimmy Reed na mtunzi Willie Dixon.

Deni la kundi hilo kwa magwiji hao ni la tangu kuasisiwa kwake. Jina lenyewe lilitokana na wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, na albamu ya kwanza, ya 1964, ilijaa tungo za wengine. Mwaka 1965, vijana hao walisisitiza Howlin' Wolf aimbe nao katika kipindi cha televisheni cha Shindig! nchini Marekani.

Hata hivyo, heshima ya jukwaani haikufika kwenye jalada kila mara. Albamu yao ya 1968, Beggars Banquet, ilipotoka, wimbo Prodigal Son ulidaiwa kuwa wa Jagger na Richards, ilhali ulikuwa wa Kasisi Robert Wilkins. Kosa hilo lilisahihishwa baadaye. Nao Led Zeppelin walishtakiwa na Dixon mwaka 1985 kuhusu Whole Lotta Love. Shauri likamalizwa nje ya mahakama mwaka 1987 na jina lake likaongezwa.

Mbona jina likapiganiwa hivyo? Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi na ya sauti iliyonaswa. Anayerudia wimbo humiliki sauti aliyorekodi, lakini utunzi hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Sheria ya Marekani, tangu 1909, humruhusu msanii kurudia wimbo uliokwisha kutolewa bila kumbembeleza mtunzi, mradi amlipe kwa kila nakala. Malipo hufuata jina lililoandikwa. Likikosewa, fedha hupotea njia.

Afrika Mashariki inaufahamu vyema mzozo kama huo. Malaika, wimbo uliorekodiwa na Miriam Makeba na Boney M miongoni mwa wengine, umezua ubishi wa miaka mingi kuhusu mtunzi wake halisi, Fadhili William na Adam Salim wakitajwa.

Blue & Lonesome ilituzwa Grammy mwaka 2018 katika kitengo cha bluzi asilia. Walter, Wolf, Reed na Dixon walikuwa wamekwisha kufariki. Hawangeweza kupokea tuzo wala kualikwa studioni. Kilichosalia kuwatetea, wao na warithi wao, ni majina yaliyoandikwa kando ya kila wimbo.