Ngoma za Chuka katika Ramani ya Kidijitali

Ngoma ndefu ya Wachuka wa Kenya, ambayo mpigaji huibana kati ya mapaja huku akicheza pamoja na kundi lake, huchongwa kutoka gogo lililotobolewa ndani na kuwambwa ngozi. Ili kufuatilia uenezi wa ngoma za aina hii kati ya Embu, Chuka na nyanda za Mitunguu, hutumika mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani programu inayoambatanisha kila ngoma na kila rekodi ya sauti na latitudo, longitudo na tarehe yake, kisha kuzilinganisha na mito, miinuko na maeneo ya miti ifaayo kuchongwa, kama vile muringa.

Ugumu mkubwa umo katika lebo za zamani: Wilaya ya Meru iligawanywa mwaka 1992, Tharaka-Nithi, ilimo Chuka, ikawa wilaya inayojitegemea, kwa hiyo ngoma iliyoandikwa “Meru” kabla ya hapo huenda ilitoka Chuka, na nukta ikiwekwa Meru mjini huonyesha uenezi ambao haukutokea. Kosa hilo ni zito, kwa kuwa huwanyima mafundi wa Chuka sifa yao.

Kwa hiyo, yeyote anayejua mahali ilipochongwa ngoma ya ukoo wake anaombwa kuutaja mto au kilima kilicho karibu, si wilaya pekee.