Chombo Kisichosikia

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukaipita Mlandizi na kuvuka mto Ruvu, unafika Vigwaza. Siku hizi wasafiri wanapajua kwa sababu ya mizani. Malori yaendayo Zambia, Rwanda na Kongo hupimwa hapo, na lori lililozidi kiwango halipiti kimyakimya. Mimi napajua kwa sababu nyingine. Katika maeneo haya ya Ruvu ndiko nilikojifunza, nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kwamba chombo kinaweza kuwa na mdomo mkubwa na kisiwe na sikio.

Ilikuwa mwaka 1973. Serikali ilikuwa imeanzisha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na nchi nzima watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Kikundi chetu kilikaa chini ya mwembe. Redio yenyewe ilikuwa ya National, zile zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita hapo Dar es Salaam, na betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu ya jioni. Kwa kuwa wazee wengi hawakujua kusoma, mimi ndiye niliyesoma kijitabu. Tulisikiliza habari za malaria, minyoo na kichocho, kisha redio ikazimwa na watu wakaanza kubishana: choo kichimbwe wapi, maji yachemshwe kwa kuni za nani. Mzee mmoja aliinyoshea redio kidole akasema, "Huyu anasema tu, hasikii." Watu walicheka sana. Lakini vyoo vilichimbwa, na nathubutu kusema vilichimbwa kwa sababu ya ule ubishi kuliko ile sauti.

Mwezi Novemba mwaka huo huo, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe amehamia. Habari hiyo nayo ilikuja kwa redio. Safari hii hapakuwa na kijitabu, wala maswali ya kujadili chini ya mwembe. Kwetu yalikuja malori. Bibi yangu aliiacha minazi yake ikiwa na nazi changa, naye hadi anafariki alikuwa akiihesabu minazi ile kwa vidole. Simlaumu aliyebuni vijiji kwa nia yake. Shule na visima vilitakiwa kweli, na mimi mwenyewe nilisoma katika shule iliyojengwa kijijini. Ninachouliza ni hiki: kama watu milioni mbili waliweza kuulizwa kuhusu vyoo, kwa nini hawakuulizwa kuhusu makaburi ya wazee wao?

Wala jambo hili halikuanza na redio. Waya wa simu wa chini ya bahari uliunganisha Unguja na Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 ukaletwa Bagamoyo, miezi tu baada ya Wajerumani kumnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani, Desemba 1889. Waya ule ulikuwa wa magavana na matajiri. Mpagazi aliyeshuka kutoka bara na pembe begani alipita chini yake bila neno lake hata moja kupanda juu.

Chombo chenye sikio nilikiona mara moja, nacho hakikuwa cha umeme. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikapita nchini ikiwauliza watu kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walisema chama kimoja kibaki. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, ikaorodhesha na sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa kwa kuwabana wananchi. Rafiki zangu husema hiyo ilikuwa kuwapuuza wengi. Mimi naona walisikilizwa vizuri: miongoni mwa hao waliosema "kimoja" kulikuwa na manung'uniko mengi yaliyohitaji pa kutokea, na wachache nao walihesabiwa. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. Sheria zile 40 zilikwenda taratibu zaidi; Sheria ya Magazeti ya 1976 ilidumu hadi 2016.

Kisha zikaja redio za watu binafsi, zikaja simu za mkononi mwaka 1994, za wenye fedha kwanza. Leo muuza mahindi wa Vigwaza anayo simu inayosikia na kusema. Nilipoiona mara ya kwanza mkononi mwa mama kama yule nilimkumbuka mzee wa mwembe, nikajiambia kuwa sasa ana jibu. Nilikosea kidogo. Nilisahau kwamba njia yenye kwenda na kurudi inaweza kufungwa pande zote mbili kwa mara moja. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatika nchi nzima, ikabaki hivyo kwa siku kadhaa, na watu waliuawa katika vurugu za siku hizo.

Mjukuu wangu alikuwa Dar es Salaam. Nilikaa nje na redio, kama zamani, nikisikiliza na nikishindwa kuuliza. Barabarani malori yalikuwa machache. Jirani alikuja tukaketi. Kila mmoja akaeleza alichosikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani. Mtandao uliporudi, simu ilitetemeka mezani kwa dakika nzima, ujumbe baada ya ujumbe, mwingi wao umepitwa na wakati. Wa mjukuu ulikuwa wa siku ya kwanza. Alikuwa ameuliza: "Babu, huko mmesikia nini?"