Kiti Kisicho cha Nyumba Yetu

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto hakurithi ukuu kwa baba yake. Mkuu alipofariki, wazee waliwatazama wapwa zake, watoto wa dada, wakapima nani ana kifua cha kubeba watu. Ugomvi haukukosekana. Lakini aliyetawala alijua tangu siku ya kwanza kwamba kiti si cha nyumba yake. Ndivyo Masasi na Newala zilivyokuwa kabla misheni haijafika, na tukiulizana leo nani ataongoza nchi baada ya huyu aliyepo, tuna mengi ya kujifunza huko.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watumwa waliokombolewa, kutoka Zanzibar. Miaka kumi baadaye misheni hiyo ilimtuma Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akakae Chitangali, upande wa Newala. Alikuwa amesomeshwa Kiungani na kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Pale kwa chifu Barnaba Nakaam alilea kanisa kwa lugha ya watu wake. Mwaka 1897 akarudi Zanzibar.

Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Vincent Lucas. Huyu tumsifu kwa haki: wakati wamisionari wengine walilaani jando, yeye alilipa sura ya Kikristo. Hata hivyo, jando ndipo jamii inapotangaza kwamba mtoto amekua, na kanisa lililolikubali liliendelea kuwaona wenyeji hawajakomaa kwa kiti cha askofu. Mwafrika hakukikalia mpaka 1968, Trevor Huddleston alipoondoka na Hilary Chisonga akapokea. Ni miaka 78 tangu upadre wa Majaliwa. Hatuamini kwamba muda wote huo Roho Mtakatifu alikosa mtu.

Sisi Walutheri tusiwacheke Waanglikana. Kule Bukoba Bengt Sundkler alimwachia Josiah Kibira uaskofu mwaka 1964, baada ya miaka mitatu tu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini neno "hawajakomaa" tunalisikia hata sasa katika sharika zetu, likisemwa na Waafrika juu ya Waafrika.

Katika siasa, Masasi ilitoa mtu. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda kwa Wabenediktini. Nyerere alikuwa ameng'atuka urais mwaka 1985, na Katiba ikaweka mihula miwili. Mwinyi akaiheshimu mwaka 1995, akamwachia Mkapa. Naye Mkapa, Desemba 2005, akamwachia Kikwete. Tumezoea hata hatushangai, ingawa jirani zetu wangapi wamebadilisha katiba ili mmoja abaki!

Hatusemi alitawala bila doa. Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja katika maandamano ya kupinga uchaguzi uliopita, na yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2019, alikiri kwamba tukio hilo lilibaki doa katika urais wake. Damu hiyo ilitoka katika swali hilihili la nani atatawala. Kuondoka kwa wakati hakufuti namna mtu alivyoingia wala alivyokaa.

Musa naye alikuwa na wana, Gershomu na Eliezeri. Katika Hesabu 27 hakuwaombea hao. Alimwomba Mungu amteue mtu juu ya kusanyiko, kisha akamwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote, angali hai. Yoshua hatusomi kwamba alimwekea mtu mikono, na Waamuzi waeleza yaliyofuata.

Mkapa alifariki Julai 2020, akazikwa Lupaso. Miezi minane baadaye Rais Magufuli akafariki ghafla, na siku mbili baada ya kifo kutangazwa Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kwa mujibu wa Katiba, mwanamke wa kwanza kushika urais wetu. Kule Newala, ambako ukuu ulipita kwa mama tangu zamani, wazee hawakupaswa kushangaa sana.